Kitabu Kilichonukia Njugu

Mtu akikaanga njugu karibu nami, mimi hukumbuka kompyuta. Cheka ukitaka, lakini ndivyo nilivyo. Juzi nilikuwa nimesimama kando ya foleni ya malori pale Malaba, namsubiri mteja ambaye, kama kawaida ya wateja, alikuwa "hapo tu karibu", na mama mmoja akawa anapepeta njugu za moto kwenye ungo wake. Harufu ikanijia. Mara ile nikaacha kuwa mama mtu mzima mwenye kitambulisho shingoni, nikawa kasichana ka magoti makavu, nimekaa juu ya kreti ya soda katika ofisi ya senge yangu kule Busia. Senge anafungua kitabu kinene kuliko Biblia ya padri. Na mimi moyo unanidunda, kwa sababu nina hakika kwamba sasa hivi ataanza kuita majina ya wafu.

Ngoja nieleze, kabla hamjaniona mwehu.

Senge ni dada ya baba. Wangu aliitwa Ajiambo, mrefu, mwembamba, mwenye mdomo. Alinichukua nikae naye Busia nisome, maana kwetu Budalang'i maji yalikuwa na tabia ya kuingia darasani kabla ya mwalimu. Alikuwa amesomea kompyuta Kisumu, na aliporudi jamaa wote walitegemea ataajiriwa benki, avae viatu vya kisigino, awasaidie. Yeye akafungua chumba kimoja nyuma ya duka la simiti, karibu na mpaka, akatundika kibao: kutaipu, fotokopi, picha za pasipoti. Wafanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka, Waganda, walimwita nyabo, yaani bibi, wa kwetu walimwita dada, na wote aliwajibu vilevile: "Kaa, ngoja, usiguse chochote." Lakini kazi aliyoipenda kwa roho yake yote haikuwa kwenye kile kibao. Senge alikuwa anaandika programu.

Ninyi wa rika langu mnakumbuka mambo yalivyokuwa. Leo kijana akikwama anauliza simu, simu inamjibu hata kabla hajamaliza swali. Siku zile intaneti ya Busia iliuzwa kwa dakika, na ukurasa mmoja ulifunguka wewe ukiwa umeshamaliza chai na umeanza kutafuta soda. Mtu wa programu bila kitabu alikuwa kama fundi bila nyundo. Na kitabu cha senge, jameni, kilipatikana kwa njia ambayo mpaka leo nikiisimulia ofisini hawaniamini.

Tulikuwa sokoni. Mama muuza njugu alikuwa amekiweka juu ya mapaja, anachana ukurasa, anaukunja uwe pembe, anatia njugu, anampa mteja. Senge akasimama ghafla hivi kwamba nikamgonga kwa nyuma.

"Mama, hicho kitabu unauzaje?"

"Siuzi kitabu, dada. Nauza njugu."

"Niuzie kitabu tu."

"Na njugu nitafunga na nini? Na mikono yako?"

Senge akafikiri. "Haya. Nipimie njugu zote ambazo kitabu hiki kingefunga. Halafu usizifunge."

Yule mama alicheka mpaka akashika mbavu, lakini biashara ni biashara. Tulirudi nyumbani na njugu kwa gunia. Tulizila asubuhi, tukazila mchana, tukazisaga tukatia kwenye kunde, mpaka nikawa nikisikia neno njugu naumwa tumbo. Kitabu kikashika harufu ya njugu na hakikuiacha tena. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimeshakwenda na wateja waliotutangulia, kwa hiyo kilianzia ukurasa wa arobaini na moja. "Kuna mtu Busia hii alikula utangulizi wangu," senge alizoea kusema, "na kompyuta bado haijui."

Hakikuwa kitabu cha kusoma tangu mwanzo hadi mwisho. Kilikuwa cha kurejea: kila amri ya ile lugha ya kompyuta na mahali pake, inafanya nini, inakubali nini, ikikataa itasemaje. Hakikuwa na picha wala hadithi. Herufi zake zilikuwa ndogo kama siafu. Senge alikiweka mkono wa kulia wa mashine na hakuruhusu mtu aweke kikombe juu yake.

Sasa, mambo ya wafu. Likizo moja nilikuwa kwa Kukhu, ndivyo tunavyomwita nyanya, mama yake baba na senge, na mke wa ami alikuwa amejifungua. Mtoto akawa analia. Si kulia kwa njaa wala kwa mavi, kulia tu, asubuhi mpaka jioni, mpaka sauti ikamkauka. Kwetu hilo halina ubishi: kuna mtu aliyekufa anataka kuitwa kwa mtoto huyu, na mtoto hatanyamaza mpaka jina lake litajwe. Kukhu akampakata, akaanza kuita. "Ni wewe, Ouma? Ni wewe, Barasa? Ni Mukudi?" Aliita wazee wote wa upande wa baba, mmoja mmoja, akingoja kidogo kila baada ya jina. Mtoto analia tu. Wakaisha. Kukhu akapumua, akasema, "Haya, twende upande wa mama." Akaita jina la babu mmoja wa kule kwa kina mke wa ami, na yule mtoto akanyamaza. Kabisa! Akafumba macho akalala. "Amekubali," Kukhu akasema, akatutazama kama mtu aliyefunga mlango vizuri.

Mwili ulinisisimka, na ulikuwa bado unanisisimka niliporudi Busia nikamkuta senge mbele ya kompyuta. Mashine yake ikikosewa ilikuwa inalia: tii! Senge anafungua kitabu, kidole kinashuka kwenye ukurasa, anasoma kwa kunong'ona maneno ya Kizungu nisiyoyajua, anataipu. Tii! Anafungua kwingine, ananong'ona, anangoja. Tii! Tena. Tena. Halafu mara moja, kimya. Senge anaegemea nyuma, ananyoosha mgongo na kusema, "Haya. Imekubali."

Haki ya Mungu, mngefikiri nini? Nilijua papo hapo kwamba kile kitabu ni majina ya wazee wa kompyuta. Wazee wenyewe niliwaona ni Wazungu waliokufa zamani, wengi ajabu, ndiyo maana kitabu ni kinene, na baadhi yao, masikini, walikuwa wameliwa pamoja na njugu pale sokoni bila hata kujulikana. Tangu siku hiyo sikugusa kitabu bila kunawa mikono. Senge alifurahi, akadhani ni usafi. Mimi nilikuwa naogopa, na nilikuwa naona fahari pia, kwa sababu katika Busia nzima, kati ya watu wote waliokuwa wakipita na mizigo na baiskeli, ni senge yangu peke yake aliyejua kuwaita.

Programu yake kubwa ilikuwa ya mto. Wazo alilitoa kwao, kwetu. Mto wetu, Nzoia, ukijaa, watu wa chini hupata habari maji yakiwa yameshafika kitandani. Senge akakubaliana na Mzee Wandera, aliyeishi juu kidogo kandokando ya mto, pale penye nguzo ya kupimia maji. Maji yakifika alama nyekundu, Mzee anampigia senge simu. Senge anabonyeza kompyuta, na kompyuta inatuma ujumbe kwa kila mwenye simu kule chini; namba zao akina mama wa kanisa walikuwa wamezikusanya nyumba kwa nyumba. Ujumbe ulipita kwenye modemu, kidude kinachotiwa laini ya simu na kuunganishwa kwa waya. Kukhu hakuwa na simu. Alisema hataki kitu kinachomwita wakati anapalilia. Jirani yake alikuwa nayo.

Ikaja siku ya mvua. Ilikuwa imenyesha usiku kucha kule juu Mlima Elgon, na asubuhi radi ikapiga mtaa wetu, stima ikapotea, na tulipofika ofisini tukakuta modemu imeungua, inanuka plastiki. Kompyuta yenyewe, ndogo ya kukunja, usiku ule ilikuwa nyumbani, ikapona. Senge akampigia Okisai, mtu wa kabila la Wateso kule Malaba, mwenye ofisi ya karatasi za malori, aliyejulikana kuwa na kila aina ya kidude. Kabla ya saa ya chakula bodaboda akafika na modemu nyingine, ameifunga kwa mifuko ya plastiki ndani ya koti lake, yeye mwenyewe amelowa chepechepe. "Bosi amesema usimrudishie imekufa," akasema, akaondoka.

Senge alikuwa bado anaunganisha waya simu ilipolia. Ilikuwa ya Mzee Wandera, na mzee alikuwa anapiga kelele juu ya mvua mpaka nikamsikia pale nilipokaa.

"Ajiambo! Alama nyekundu siioni!"

"Maji hayajafika, mzee?"

"Yameipita! Nguzo yenyewe naiona kichwa tu! Waambie watoke, mama, waambie sasa hivi!"

Senge akabonyeza. Kompyuta ikangoja, ikangoja, halafu ikalia. Tii.

Akabonyeza tena. Tii. Akajaribu kupiga simu kwa jirani ya Kukhu, laini zimejaa. Akampigia chifu wa kule, mteja hapatikani. Intaneti ilikuwa imekufa pamoja na stima. Taa ya betri ya kompyuta ilikuwa ya manjano. Senge akavuta kitabu, harufu ya njugu ikajaa chumba, akaanza. Kidole, kunong'ona, kutaipu. Tii. Ukurasa mwingine. Tii. Nilikaa kwenye kreti yangu nikahesabu wazee waliokuwa wakikataa, na nilikuwa nawaza Kukhu, mbuzi wake, kitanda chake cha miguu mifupi. Nilitaka kwenda haja ndogo na sikuthubutu kuinuka.

Mwisho akafungua nyuma kabisa, penye faharasa, ambapo kila neno limeandikwa na ukurasa wake. Akalipata neno alilolitaka, kuhusu kuzungumza na vitu vilivyo upande wa pili wa waya. Kidole kikasimama.

"Ukurasa wa ishirini na tisa," akasema.

Hata mimi nilijua kitabu kinaanzia wapi.

"Umeliwa," senge akasema, akaweka mikono yote miwili usoni. Mvua ikapiga bati. Sijawahi kuogopa vile tena, hata nilipokuwa mtu mzima na nina vya kuogopa.

"Senge," nikasema.

"Mm."

"Umeita ya upande mmoja tu."

"Nini?"

"Majina. Ya baba yakikataa, Kukhu huwa anaita ya upande wa mama."

Akatoa mikono usoni, akanitazama. Nilidhani atanifukuza nje kwenye mvua. Alinitazama tu, na mdomo wake ukaanza kusogea kabla hajatoa sauti. "Upande wa mama," akasema polepole. "Mimi natafuta kosa kwangu. Programu ni ileile ya jana! Mgeni ni modemu hii ya Malaba." Akakishika kitabu, akageuza mkupuo mzima wa kurasa, akapita amri zote alizozijua, akafika kwenye majedwali ya mwisho ambayo sikuwahi kumwona akiyafungua. Lilikuwa jedwali la herufi zote na namba zake, pamoja na zile ambazo jicho halizioni. Chini yake kulikuwa na maelezo madogo, madogo hata kwa kitabu kile, na senge akainama mpaka pua ikagusa karatasi.

Alinieleza baadaye, mara nyingi, mpaka nikaelewa. Kila sentensi inayokwenda kwa modemu lazima ifungwe na herufi isiyoonekana, inayosema: nimemaliza, sasa tenda. Modemu yetu ya zamani haikuwa na maringo, ilikubali namba kumi. Hii ya Okisai ilikuwa inangoja namba kumi na tatu. Bila hiyo ilidhani senge bado anaongea, na kwa adabu zake zote ikakaa kimya imsikilize. Mtu fulani, nchi fulani, aliwahi kukwama hapohapo, na alipojikwamua akaona ni vizuri aandike msitari mmoja chini ya jedwali, kwa ajili ya mwingine.

Senge akafuta namba moja, akaandika nyingine. Taa ya betri ilikuwa nyekundu, inapepesa. Akabonyeza.

Kimya.

Halafu kwenye kioo ukashuka msitari: imetumwa. Na mwingine. Na mwingine. Imetumwa, imetumwa, imetumwa, majina ya watu wetu yakipita, mama fulani, baba fulani, jirani ya Kukhu. Senge hakusema imekubali. Alikuwa ameniwekea mkono kichwani. Msitari wa mwisho uliposhuka kompyuta ikazima yenyewe, betri imekwisha. Kitabu kikabaki wazi palepale, hakikuwa na betri ya kuisha.

Walitusimulia kwamba simu zote za kijiji zililia kwa pamoja, katikati ya mvua, na ng'ombe wakashtuka. Laini zilipofunguka kidogo, ya senge nayo ikalia. Alikuwa Kukhu, kwenye simu ya jirani, ameishika mbali na uso kama kawaida yake, anapiga kelele.

"Ajiambo! Ni wewe unayesema nihame?"

"Ni mimi, mama! Toka!"

"Maharagwe hayajaiva!"

"Mama, acha maharagwe!"

"Na mbuzi?"

"Beba mbuzi! Acha maharagwe!"

Akatoka. Walitoka wote wa upande ule, wakapanda mpaka shule iliyo kwenye mwinuko, na maji yalifika jua likiwa bado halijazama. Nyumba ya Kukhu ilikwenda, kitanda kikaenda, sufuria ya maharagwe ikaenda. Kukhu hakwenda. Kwa miaka na miaka kila tulipokutana alilalamika juu ya ile sufuria, na senge akawa anamnunulia mpya kila Krismasi, na Kukhu anasema si kama ile.

Nilikua. Nikajifunza Kizungu cha kitabu kile, kisha nikajifunza lugha yake, na leo programu ndiyo inayonilisha. Nilipogundua kwamba hakuna jina hata moja la mfu ndani yake nilisikitika, sikufichi. Lakini siku hizi nikikifungua ninashangaa vilevile. Walikaa watu wasionijua, wakaandika neno kwa neno ili nikikwama nisikwame peke yangu, na wengi wao kwa sasa lazima wameshazikwa. Ukiwaita, wanajibu. Basi nilikosea kiasi gani hasa?

Senge alituacha kabla mwanangu hajazaliwa. Ugonjwa ulimmaliza mwili wote ukamwachia mdomo. "Kitabu usimpe mtu wa njugu," aliniambia hospitalini, na hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu niliyoyaelewa vizuri.

Niliolewa na Mteso wa Angurai, na msichana wetu alizaliwa analia na hakuona sababu ya kuacha. Mimi ni mtu wa kliniki. Nilimpeleka, wakaniambia ni tumbo, litatulia. Halikutulia. Mama mkwe akaja na watu wake, maana kwao pia jambo hili halina ubishi, na alasiri moja wakakaa sebuleni kwangu wakaanza kuita. "Ni wewe, Amoit? Ni Asekenye? Ni Atyang?" Waliita majina ya Kiteso mpaka yakaisha, na mtoto akalia juu ya yote.

Kukhu alikuwa pale, mzee sana sasa, fimbo yake katikati ya magoti. Hakuwa amefungua mdomo tangu walipoanza. Nilijua kwa nini. Jina lililobaki alilijua yeye, nililijua mimi, na mama aliyemzika mtoto wake hawezi kumwita hivihivi tu mbele ya watu.

"Kukhu," nikasema, "upande wa mama bado."

Akailaza fimbo sakafuni. Kisha akanyoosha mikono, wakampa mtoto, akamwinamia sikioni.

"Ni wewe, Ajiambo?"

Mtoto akanyamaza. Niambieni lolote mnalotaka kuhusu tumbo, mimi nilikuwepo. Alinyamaza, akafungua macho, akamtazama Kukhu bila kupepesa. Machozi yalikuwa yanamtiririka Kukhu mpaka kidevuni, yeye ambaye mafuriko hayakumtoa hata moja, na hakuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

"Amekubali," akasema. Halafu akamvuta karibu zaidi, akamwambia taratibu, "Ajiambo. Mama yangu. Si wewe uliyeniachisha maharagwe yangu?"